Mwalimu Aliyewapa Wazazi Sifuri

Kiti chake kilikuwa kipya kuliko vyote vya shule, na sababu ni rahisi: hakuna aliyewahi kukikalia. Mwalimu wa darasa la sita alifundisha akitembea. Alisahihisha akitembea, alikunywa chai akitembea, na kwenye mkutano wa kwanza wa wazazi alitueleza mwaka mzima wa masomo huku akizunguka kati ya madawati, sisi tukigeuza shingo kumfuata kama kuku wanaofuata mkono wenye mahindi. Mke wangu aliniuliza Mwalimu amesema nini. Nikamjibu kwamba amesema mengi, lakini nusu yake aliisemea nyuma yangu.

Mimi ni mtu wa ndani, nikiri mapema. Nashona sare za shule sebuleni kwangu, hapa Kampemba, na siku ninazotoka nje ya uzio wangu kwa mwaka mzima mke wangu anaweza kuzihesabu kwa vidole, akabakiza vingine vya kunisutia. Yeye ndiye anayetoka. Ana meza yake sokoni, anauza unga wa mahindi na samaki wakavu, na habari zote za mji huingia nyumbani kupitia kwake zikiwa tayari zimepoa. Nina diploma ya sekondari. Ni ya asilimia hamsini kamili, bila hata nusu ya ziada, na nimeitundika ukutani juu ya cherehani ili wateja wajue kwamba wanapimwa kiuno na msomi.

Aliyenikutanisha na Mwalimu ni binti yetu Feza. Alikuwa na miaka kumi na moja. Alisoma vizuri, aliimba, alisimulia mambo mpaka tukamwomba apumzike, lakini ukimwekea mbele hesabu ya kuzidisha yenye tarakimu tatu, macho yake yalitafuta mlango. Na mwisho wa darasa la sita kuna mtihani wa taifa. Asiyeupita haingii sekondari. Jambo hilo lilinikaa kichwani mwaka mzima kama nzi ndani ya chumba. Mguu wangu ulikanyaga pedali hata wakati ambapo chini ya sindano hapakuwa na nguo.

Mwalimu alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwa mwingine. Kabla ya kengele ya mwisho, kila mtoto aliandika katika daftari dogo, kwa Kifaransa au kwa Kiswahili, mistari miwili tu: leo nimeelewa hiki, leo sijaelewa hiki. Waliliita kaye ya habari. Mtoto alisoma mistari yake nyumbani kwa sauti mbele ya mkubwa yeyote, mkubwa akatia sahihi, daftari likarudi kesho yake. Kwa maneno inaonekana ni kitu kidogo. Lakini mtoto akisharuhusiwa kuandika asichoelewa, haishii kwenye hesabu. Mwana wa jirani yetu aliandika kwamba hajaelewa juu ya nini papa yake anasema mu simu asema iko mu njia na iko mu kitanda. Mwalimu akaandika chini yake kwa wino mwekundu: "Ile hata mi sijaelewa." Jirani hakutusalimu kwa wiki nzima, kana kwamba ni sisi tulioandika.

Nami zamu yangu ikafika. Feza alisimama wima mbele ya cherehani akasoma kwamba leo ameelewa Mto Lualaba, na kwamba hajaelewa kuzidisha, na kwamba papa naye hajaelewa lakini anasema ameelewa. Nilitia sahihi. Ungefanya nini?

Kuhusu kazi za nyumbani Mwalimu alikuwa na sheria moja, aliyotupigia kelele kwenye kila mkutano. Alitaka kazi irudi shuleni na makosa ya mtoto ndani yake, yote, bila kupunguza hata moja. Sisi wazazi tulikuwa tunafanya kinyume: tunapangusa, tunasahihisha, tunamshika mtoto mkono. Mzazi gani anataka mwanawe aende shuleni na kazi chafu? Ni kama kumpeleka misani bila kuoga. Mama mmoja alimwambia hivyo waziwazi. Mwalimu alikuwa amefika dirishani, akageuka.

"Mama," akasema, "ukinitumia devoir yenye haina kosa, iko sawa mugonjwa anaenda ku lopitalo na damu ya jirani. Dokta atatunza nani?"

Watu walicheka, mimi nikiwa wa kwanza. Nilicheka nikijua kwamba ndani ya mfuko wa shule wa Feza, asubuhi ile ile, kulikuwa na damu yangu.

Maana nilikuwa nimeshaanza. Niseme ukweli, nilianza kwa kusaidia. Nilikuwa namwelekeza Feza kwa kidole, baadaye nikamshikia kalamu, na mwishowe nikawa nafanya mimi na yeye ananitazama, ananiuliza kama nimemaliza ili akale bukari, ugali wetu. Jioni moja kulikuwa na kazi ya kuzidisha 347 mara 26. Nilifanya, nikapata 9202, na kwa kuwa mimi ni msomi nikafanya na ule uhakiki wa tisa tuliofundishwa zamani: unachora msalaba pembeni, unajumlisha tarakimu, unatoa tisa, unaweka namba nne kwenye pembe nne, na namba ya kushoto ikilingana na ya kulia, umeshinda. Yangu zililingana, nne na nne. Nilijisikia kama mtu aliyejenga daraja. Nikapiga picha na simu, nikaituma kwenye kundi la wazazi wa darasa la sita, msalaba wangu ukionekana vizuri, nikaandika chini: kwa wale wenye shida.

Kumbe wenye shida walikuwa wengi. Kesho yake zaidi ya nusu ya darasa ilifika na 9202, na pembeni msalaba, kila mmoja na msalaba wake, kama makaburi.

Jibu lilikuwa 9022. Nilikuwa nimegeuza tarakimu mbili, na ule msalaba hauoni tarakimu zilizogeuzwa, kwa kuwa jumla inabaki ile ile. Ndiyo sababu Mwalimu alikuwa ameacha kuufundisha siku nyingi. Hakuna mtoto hata mmoja wa darasa lake aliyejua kuuchora. Aliyapanga madaftari yote ukingoni mwa dirisha, akatembea mbele yake kwenda na kurudi (Feza alinisimulia), kisha akaandika kwenye kaye ya habari ya kila mtoto maneno yale yale: "Papa na mama: 0 juu ya 10. Mutoto: mi nangojea ya kwako." Kwa siku tatu kundi la wazazi lilikuwa kimya kabisa. Siku ya nne mtu akatuma picha ya keki ya harusi ya watu tusiowajua, tukampongeza wote kwa furaha kubwa, ili tu tuanze kuongea tena.

Usifikiri alikuwa mtakatifu. Aliwafundisha watoto kungoja wazo lifike, lakini yeye mwenyewe hakuweza kungoja chai ipoe. Aliipuliza mpaka ikamwagikia mashati, na nyumba yangu ndiyo iliyoyashona upya makola yake. Saa yake ilitangulia dakika kumi na bado alichelewa, maana alisoma kila kitu njiani: mabango, makaratasi ya kufungia karanga, matangazo ya misiba ya watu asiowajua. Alikukata maneno kabla hujamaliza kumsifu. Aliogopa mbwa, hata watoto wa mbwa, akidai kwamba ni heshima tu. Hakuinua mkono kwa mtoto kwa sababu ya kosa, lakini wazazi, nadhani, angetupanga mstari kama angeruhusiwa.

Na alikuwa na upendeleo, tena wa ajabu. Watoto dhaifu aliwajua kwa majina, kwa majina ya nyumbani, kwa ugonjwa waliougua mwaka juzi. Wenye akili hakuwajua. Mama wa aliyekuwa wa kwanza darasani alikuja kulalamika kwamba mwanawe anaitwa "we mwenye uko karibu na dirisha". Mwalimu hakuona kosa lake. Alimjibu kwamba yule mtoto hana haja naye, angejifundisha hata ndani ya gunia. Mama aliondoka akiwa hajui kama ametukanwa au amesifiwa, akauliza sokoni, na sokoni maoni yaligawanyika.

Alikuwa anapita nyumba za watu pia, Alhamisi mchana, bila taarifa. Kwangu alifika mwezi wa tisa, mwezi ambao fundi wa sare halali. Alisimama mlangoni, akakataa kiti, akauliza Feza anaandikia wapi. Nikamwonyesha: kwenye ubao wa cherehani yangu, upande wa kushoto, pale pana nafasi nzuri. Akamwomba Feza aandike sentensi, na mimi niendelee kushona. Nikakanyaga. Kalamu ya Feza ikacheza kwenye karatasi kama inaogopa.

"Papa Feza," akasema, "juma mbili yote mi nilizania mutoto iko naogopa kitu mu hii nyumba. Kumbe iko naandika mu tetemeko ya inchi."

Feza alicheka mpaka akashika tumbo. Mwalimu akataka cherehani isimame saa moja kila siku, wakati wa kazi za nyumbani. Nikamweleza kuhusu mwezi wa tisa, sketi zinazongoja, wazazi watakaonirudia. Akasema saa moja. Nikasema basi nusu saa.

"Papa Feza, mi siuzishake kitambala," akasema. "Saa moja."

Nilimpa saa moja. Siku za kwanza sikujua niikalie vipi. Nilipanga vifungo, nikavipanga tena kwa rangi, nikachungulia daftari la Feza, nikafukuzwa na mke wangu, nikaenda uani kutazama makaa kama yamelowa. Ninajua sasa kwamba kumwona mtoto akikosea na kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kutia zipu.

Nafika pale ambapo sipendi kufika. Karibu na Pasaka, Mwalimu alirudi. Safari hii hakutania. Alizunguka meza yetu mara mbili, akasema Feza abaki, arudie mwaka, asiingie kwenye mtihani.

"Hii mwaka tumuache kwanza. Ameanza kushika. Akienda sasa atabahatisha, akibakia atajua."

Mke wangu alisema taratibu kwamba Mwalimu anamjua mtoto. Mimi sikusikia. Nilichosikia ni dada zangu wawili wa Makomeno, ambao habari ile ingewafikia kabla ya jua kuzama, wakiulizana ilikuwaje mtoto wa mwenye diploma ukutani arudie darasa. Nikasema hapana. Kesho yake mimi, mtu wa ndani, nilivaa shati la Jumapili, nikatembea mpaka ofisi ya direkteri wa shule, nikasema mwanangu ataingia kwenye mtihani kama wenzake. Direkteri alikuwa mtu anayependa amani kuliko hesabu. Akaandika jina la Feza.

Katika mambo yale yote hakuna aliyemuuliza Feza. Jioni alisimama mbele ya cherehani na daftari lake, akasoma kwamba leo ameelewa viumbe vinavyotaga mayai. Kisha akasoma mstari wa pili, sauti ikishuka: "Sijaelewa kama mi niko naenda ao niko nabakia." Nilitia sahihi. Nilitia haraka, kama mtu anayefunga dirisha.

Miezi ile nilimfundisha mimi. Nilimkaririsha hesabu ishirini na majibu yake, akaziimba vizuri sana, maana kuimba anajua. Mwalimu hakugombana nami. Aliendelea kumpa kazi zake, Feza akaendelea kuniletea, na mimi nikaendelea kumwambia kwamba hizo tutaziona baadaye, kwanza zangu. Siku ya mtihani hesabu zilikuja na namba nyingine. Ndivyo mitihani ilivyo. Ningeweza kujua, nilifanya mingi.

Orodha ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi. Niliisoma kutoka juu kwenda chini, halafu kutoka chini kwenda juu, halafu nikaanzia katikati, kama vile jina lingeweza kuwa limejificha kwa sababu ya mwendo wangu. Feza alinivuta shati. Akasema tu, "Papa, tuende."

Alirudia, katika darasa lile lile, kwa mwalimu yule yule. Mwezi wa tisa niliketi nikingoja Mwalimu aseme "nilikuambia". Nilikuwa na jibu tayari, nililitengeneza usiku kucha, lenye hasira na heshima ndani yake. Hakusema. Alipita Alhamisi moja, akanikuta nimehamishia cherehani barazani, akatikisa kichwa, akaenda zake. Na Feza akaanza kuandika vingine kwenye daftari. Hakuandika tena kwamba hajaelewa kuzidisha. Aliandika kwamba ameelewa mpaka hapa, akachora mshale, na kuanzia hapa hajaelewa. Kila wiki mshale ulisogea. Mwisho wa mwaka aliingia kwenye mtihani akiwa hajakariri chochote, akapita. Hakupita kwa kishindo. Alipita.

Ungedhani nilienda kumshukuru. Sikwenda. Kwanza nilisema nitakwenda kesho, baadaye nikasema ana watu wengi, mwishowe nikawa namkwepa. Viatu vyake nilivijua kwa sauti, haraka haraka juu ya kokoto, na nikivisikia kwenye avenyu yetu nilivuta pazia. Mke wangu akawa ananiuliza kama ninafanya kazi ya kujificha au ya kushona, maana zote mbili nazifanya nimeinama. Miaka minne ikaenda hivyo. Tukasikia ameacha kufundisha, amepumzishwa. Yeye na neno kupumzika, sijui walikutana vipi.

Mwaka huu, kiangazi, uzi wa buluu uliniishia, na mke wangu alikuwa kwenye msiba wa shangazi yake. Nikatoka. Na kwa kuwa ninatoka mara chache, Mungu huwa anahakikisha sitoki bure: kwenye barabara ya soko, mbele yangu kabisa, mgongo ule, mwendo ule. Kichwa kimekuwa cheupe. Miguu haijasikia habari hiyo.

Hakukuwa na pazia la kuvuta. Nikamkimbilia. Nilimfikia nikiwa sina pumzi, nikamsalimia kwa mikono miwili, yeye akiendelea kwenda, nikawa natembea upandeupande kando yake kama kaa. Nikamwambia yote niliyoyaweka miaka minne: kwamba mimi ni Papa Feza, kwamba nilikwenda kwa direkteri nyuma ya mgongo wake, kwamba nilimpotezea mtoto mwaka, kwamba yeye alisema kweli na sikumsikia, na kwamba naomba anisamehe. Ilikuwa hotuba nzuri. Niliiharibu kidogo kwa kukohoa.

"Feza," akasema. "Feza wa mwaka gani?"

Nikamweleza: mweusi, mwembamba, anaimba, cherehani, tetemeko. Akafikiri hatua kumi hivi.

"Ah. Iko, nakumbuka. Papa, kila mwaka nilikuwa na papa mumoja sawa we. Mwaka ingine babili." Alisema hivyo kwa upole, na iliniumiza kuliko angenitukana. Dhambi niliyoibeba miaka minne, kumbe ilikuwa ya kawaida, ya dukani, wanaivaa wote. "Sasa iko wapi?"

Nikamwambia yuko sekondari, mwaka wa nne, wa pili tangu aingie section ya umeme. Wasichana wapo watatu tu darasani.

"Devoir anafanyaka na nani?"

"Yeye peke yake, Mwalimu."

"We haumusaidie?"

Ningeweza kudanganya. Lakini nilikuwa nimechoka kwa kukimbia. Nikamsimulia kwamba wiki iliyopita Feza aliacha daftari lake wazi mezani. Nikaliinamia. Kulikuwa na mistari, na miviringo, na vijimistari vya kupindapinda kama meno ya msumeno, na nikaligeuza daftari ili nijue juu ni wapi. Feza akaingia, akaligeuza tena lilivyokuwa. Akakaa. Akatazama mchoro wake muda mrefu, akashika kifutio, akafuta upande mmoja wote, akaanza upya. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, mikono mitupu.

Mwalimu alisimama katikati ya njia. Pikipiki ya abiria ikampitia ubavuni, dereva akasema neno, hakulisikia.

"Alikuwa amekosa?"

"Alikuwa amekosa, Mwalimu."

"Na aliona yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe. Hakuniita."

Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza, kama mtu anayetafuta jambo kwenye bango.

"Inakuuma?"

Nikasema inaniuma kidogo.

"Muzuri," akasema, akanigonga begani, akavuka barabara.